Mwongozo wa kuvaa pafyumu nzito (udi, sandali, miski, ambari) msimu wa kipupwe hapa Dar

Kila mwaka ikishaingia Juni, upepo wa kusi ukianza kuvuma na watu wa Dar wakitoa masweta kabatini utafikiri tuko Makete, simu yangu haipumziki. "Kaka, ile ya udi sasa naweza kuivaa?" "Nipulize mara ngapi?" "Mbona yangu haidumu?" "Naenda harusini Njombe nibebe ipi?" Mimi napima marashi Kariakoo, huu mwaka wa tisa, zile za mafuta tunazovuta kwa bomba la sindano na za spreyi pia, na maswali ni yaleyale kila msimu, kwaiyo naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii, ukimaliza kuisoma ndo tuongee.

Ninaongelea zile pafyumu za joto: udi, sandali, mwerezi, pachuli (ya majani), vetiva (ya mizizi ya nyasi), ambari, vanila, na miski ikiwa chini yake imetulia. Kama hujui yako iko kundi gani nusa shati ulilovaa jana. Likiwa bado linanukia kama mbao iliyotoka kuranda, au moshi mtamu, au mtoto aliyetoka kuogeshwa, basi iko humu. Ukikuta imebaki harufu ya shati tu, yako ni zile za ndimu na chungwa, hizo vaa mwaka mzima hazina maneno.

Nadharia kidogo tu alafu tuendelee. Pafyumu inanukia kwa sababu inaruka kutoka mwilini kwenda hewani, na joto ndo linairusha. Vitu vyepesi kama ndimu vinaruka dakika za mwanzo vinaisha, vitu vizito kama sandali na miski vinaruka polepole kwa masaa. Sasa Februari pale Kariakoo jua la saa nane, kaskazi imekufa, hivo vizito vinaruka vyote kwa pamoja, unakuwa chetezo kinachotembea. Kwenye baridi vinatoka kwa adabu, kidogo kidogo, ndo maana watu wanasema hizi ni za baridi.

Ila hapa ndo wengi mnapokosea na nalisema mapema. Yule jamaa wa YouTube anayekwambia "piga nane" yuko Toronto au London, nje ni nyuzi sifuri, amevaa koti mpaka magotini. Kipupwe cha Dar usiku kinashuka kwenye nyuzi 18 au 19 hivi, mchana tunarudi 28 au 29. Kwa yule jamaa hiyo ni likizo ya ufukweni. Kwaiyo ukichukua vipimo vyake ukaviingiza kwenye daladala ya Mbagala saa moja asubuhi, watu watakuchukia na watakuwa na haki.

KABLA HUJAANZA, KUWA NA HIVI

Pafyumu yenyewe, ya spreyi au ya mafuta. Kwenye chupa ya spreyi angalia kama imeandikwa EDT (eau de toilette) au EDP (eau de parfum). EDT kwa kawaida ina mafuta ya harufu kama asilimia 5 mpaka 15, EDP kama 15 mpaka 20, iliyobaki ni spiriti. Za kupima ni mafuta hayana spiriti, ndo maana hazipigi kelele mbali ila zinakaa. Kama ndo unaanza usinunue chupa kubwa, chukua robo tola, yaani mililita 3, inakutosha kujua kama mnapatana. Tola nzima ni kama mililita 12, hiyo ya mtu aliyeshaoa.

Losheni au mafuta ya kujipaka yasiyo na harufu. Vaselini ya kawaida inafaa. Mafuta ya nazi ni mazuri ila yale ya kienyeji yana harufu yake, ukipaka na udi juu unanukia kama wali wa nazi ulioungua.

Deodoranti isiyo na harufu kali. Nguo safi, na nikisema safi namaanisha imefuliwa ikaanikwa ikakauka, sio ile iliyokaa ndoani siku mbili msimu huu wa mawingu ikaota uvundo. Udi juu ya uvundo hauufichi, unaupa mkono wa salamu.

Na mtu mmoja wa kukwambia ukweli. Dada yako, mkeo, rumeti wako, yeyote asiyekuogopa.

HATUA

1. Amua unaenda kuvaa baridi ipi

Kwa Mtanzania kuna baridi tatu na kila moja ina kipimo chake.

Ya kwanza ni ya Dar yenyewe, alfajiri na usiku, unyevu wa bahari upo hewani, upepo upo. Mchana haipo. Ya pili ni baridi ya AC, ofisi za Posta, basi la mkoani, ukumbi wa harusi. Hii inadanganya watu sana, unaona mwili umepoa unajiongezea, kumbe hewa ni ileile inazunguka humohumo na harufu yako inazunguka nayo mpaka jioni. Ya tatu ni ya kweli: Njombe, Makete, Mafinga, Lushoto. Kule Kitulo Juni na Julai kuna alfajiri nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu. Hapo ndo hizi pafyumu zinapofika nyumbani kwao.

Andika kichwani: Dar kidogo, AC kidogo zaidi, Njombe jiachie.

2. Ijaribu mwilini kabla ya kulipa

Anza na kijikaratasi cha kunusia ili uchuje, lakini usinunue kwa karatasi. Ukishapata mbili unazozipenda paka moja mkono wa kulia moja wa kushoto alafu TOKA DUKANI. Nenda kanywe juisi ya miwa, zunguka Mtaa wa Kongo, ulizia bei za mashuka ambayo hununui, rudi baada ya saa nzima. Pafyumu za hivi dakika kumi za kwanza zinakuonesha sura ya kuombea mkopo. Nyingine inaanza na mdalasini na kashata tamu unataka kulia kwa raha, baada ya saa moja imebaki moshi wa tairi. Nyingine inaanza kama dawa ya hospitali alafu inatulia inakuwa sandali laini ya ajabu. Udi ndo mwenyewe kwa tabia hii, kwaiyo ukiukuta unanuka zizi la ng'ombe mwanzoni usikimbie, mpe muda.

Zisizidi tatu kwa siku moja. Ya nne pua imeshachoka inajibu hovyohovyo.

ANGALIZO la bei. Wateja wananiuliza "hii ni udi orijino?" Udi wa kweli ni mti wa Asia, Aquilaria, ambao ukijeruhiwa na kushambuliwa na ukungu unatoa utomvu ndani ya mbao, na sio kila mti unatoa, ndo maana bei yake ni ya kukaa chini. Ukiuziwa mafuta ya udi safi kwa bei ya chipsi mayai ujue umenunua harufu ya udi iliyotengenezwa maabara, na hakuna ubaya wowote ilimradi umeambiwa hivo. Miski ndo usiseme. Ile ya asili ilitoka kwenye tezi ya mnyama dume mdogo anayefanana na paa kwenye milima ya Asia, leo analindwa na biashara yake imebanwa duniani. Miski unayovaa wewe, mimi na yule tajiri wa Masaki ni ya maabara. Ya kwanza iliyouzika ilipatikana 1888 na Mjerumani Albert Baur ambaye alikuwa anahangaika na kemikali za kulipulia vitu, akakuta zinanukia. Yaani bomu likageuka marashi. Kwaiyo muuzaji akikuapia kwa mama yake kuwa miski yake imetoka kwa mnyama, mwonee huruma mama yake.

3. Oga, jikaushe, paka losheni

Ngozi kavu inakunywa pafyumu kama mchanga. Msimu wa kipupwe upepo unakausha ngozi zetu, unaona mwenyewe miguu inapauka, kwaiyo hii hatua ndo inaamua kama utanukia masaa matatu au nane. Ukitoka kuoga jikaushe vizuri, ngoja dakika mbili tatu mwili upoe, alafu paka losheni sehemu zile tu unazotaka kuweka pafyumu. Vaselini kidogo sana, ukubwa wa punje ya mchele, kila sehemu.

Pafyumu usipake mahali ulipotoka kunyoa saa hiyohiyo, spiriti itakuwasha mpaka ukumbuke dhambi zako.

4. Weka sehemu sahihi na kiasi sahihi

Sehemu: Dar acha shingo ya mbele. Najua wote wanasema shingoni, lakini ukipanda bajaji ukishuka ukitembea kidogo tu shingo imetoka jasho, na pafyumu nzito ikikutana na jasho moja kwa moja chini ya kidevu chako, wewe ndo wa kwanza kuumwa kichwa. Weka kifuani chini ya nguo, kisogoni pale nywele zinapoishia, na kwenye kunjo la kiwiko. Kifuani nguo inaishika inaitoa polepole kila ukisogea. Kisogoni inabaki nyuma yako ukipita, watu wanageuka wewe umeshaenda. Mimi hiyo ndo naipenda kuliko zote.

Kwapani HAPANA. Narudia kwa kaka zangu, hapana.

Kiasi, kwa EDP, ukiwa Dar asubuhi ya kipupwe: mbili. Kifuani moja, kisogoni moja. Jioni ukienda sehemu ya wazi, Coco Beach upepo unavuma, tatu. Ofisi ya AC moja tu, kifuani chini ya shati. EDT ongeza moja kwa kila hesabu. Njombe ukiwa nje na koti, nne mpaka tano.

Kwa mafuta ya kupima: gusa kigololi (kile kinachozunguka mdomoni mwa chupa) mara moja kisogoni mara moja kwenye kunjo la kiwiko, basi. Kama chupa yako ni ya kijiti, gusa ngozi mara moja alafu irudishe. Usimwage kiganjani ukajipaka kama mafuta ya kondoo. Kuna mteja wangu mmoja, mama mtu mzima ninamheshimu sana, alimaliza robo tola ya ambari kwa siku tatu akarudi kulalamika kuwa nimempunja. Nikamuuliza mama unapakaje, akanionesha. Alikuwa anaipaka mikono yote miwili mpaka kwenye bega.

Ukipuliza weka umbali wa kama shibiri moja toka mwilini. Karibu sana inalowesha sehemu moja, mbali sana unanukisha pazia.

5. Usisugue

Ukipaka mkononi acha ikauke yenyewe. Kusugua mikono miwili kunaongeza joto zile nyepesi zinaruka haraka, na nusu ya pafyumu inahamia mahali ambapo hukuipangia. Haiharibiki kama wanavotisha watu mitandaoni ila unaipoteza bure.

6. Subiri nusu saa kabla ya kukutana na watu

Hii hakuna anayeifuata na ndo inayomaliza nusu ya matatizo. Dakika kumi na tano za kwanza pafyumu inapiga kelele, spiriti inatoka, kila kitu kinatoka kwa pamoja. Ukijipulizia ndo unafunga mlango unakimbilia mwendokasi, zile kelele zote unawapa watu wa Kimara waliobanana na wewe, alafu ukifika kazini umebaki na kile kitulivu kizuri ambacho hakuna anayekuwa karibu kukisikia. Geuza ratiba. Jipulizie ukitoka kuoga, alafu ndo piga pasi, kunywa chai, tafuta soksi.

7. Nguo, kwa akili

Sufu na pamba zinashika harufu kuliko ngozi, skafu ikipulizwa leo kesho kutwa bado inaongea. Kwenye baridi ya kweli hii ndo siri, puliza moja ndani ya koti upande wa bitana, ukifungua zipu ndani ya nyumba yenye moto harufu inatoka yote kwa heshima. Dar sweta moja jepesi linatosha, puliza sehemu ya nyuma ya kola.

ANGALIZO: mafuta ya kupima usiweke kwenye nguo nyeupe. Nilifanya mwenyewe, asubuhi ya Idi, kanzu mpya, nikagusa kigololi cha udi kifuani maana nilikuwa na haraka. Doa la rangi ya chai la ukubwa wa shilingi. Nimesali nimeweka mkono kifuani kuanzia nyumbani mpaka nyumbani, watu wananiuliza kama moyo unauma. Zile zenye vanila nyingi hata za spreyi zinatia rangi, vanila kadri inavokaa inageuka kahawia. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Kama una chetezo nyumbani basi una kitu bora kuliko chochote ninachouza. Fukiza nguo kwa vijiti au vipande vya udi, zitandaze juu ya kitenga moshi upite chini yake dakika tano kumi, alafu mwilini paka miski tu nyepesi. Bibi zetu wa pwani walishamaliza hii kazi zamani. Ila fungua dirisha, makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na USIPULIZE spreyi karibu na chetezo wala jiko, ile ni spiriti, inawaka.

8. Ukichanganya, kizito kiwe kimoja

Siku hizi kuchanganya ndo fasheni, mtu ana losheni ya vanila, spreyi ya ambari, mafuta ya udi, na nywele kaweka asumini. Huo ni mkutano wa hadhara. Chagua kizito kimoja, kingine kiwe miski nyeupe au sandali laini. Kizito kianze, ngoja kikauke, chepesi juu. Udi na waridi wanapendana tangu enzi. Sandali na vanila hazijawahi kugombana. Pachuli na ambari pamoja kwenye joto la Dar mchana, hapana, utafungiwa mlango na mwenye nyumba.

9. Kuongeza mchana

Usiongeze kabla ya kumuuliza yule mtu wako wa ukweli. Kama kweli imeisha, moja kwenye kunjo la kiwiko, usirudi shingoni. Beba kidogo kwenye kichupa cha mililita 5, usitembee na chupa nzima, na usiiache kwenye gari. Gari likiegeshwa juani ndani panachemka, pafyumu ya hela nyingi inageuka siki ndani ya miezi.

UKISAFIRI KWENDA KWENYE BARIDI YENYEWE

Hapa nakusimulia aibu yangu ili usiirudie. Mwaka juzi Julai nilikuwa naenda Njombe msibani, nikasema kule baridi, ngoja nijiandae. Saa kumi alfajiri nikiwa bado Dar nikajipaka ambari yenye udi, kisogo, kifua, mikono, na sweta nikalipuliza mara tatu. Nikapanda basi pale Magufuli, Mbezi. Mpaka Chalinze niko vizuri, najisikia waziri. Morogoro jua limetoka, madirisha yamefungwa, AC haifanyi kazi, joto limepanda na ile ambari ikaamka yote. Kufika Mikumi mtoto wa siti ya mbele ametapika na bibi wa pembeni yangu amejifunika khanga puani, akaniambia taratibu kabisa, "Mwanangu, samahani, hayo marashi yako yananitoa roho." Sikuwa na pa kwenda. Nilivua sweta nikalifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikanawa mikono kwa maji ya kunywa, na bado nilimnukia yule bibi mpaka Iringa.

Na msibani kwenyewe, kuwa mkweli, haikuwa mahali pake.

Kwaiyo: safari anza mtupu. Oga, deodoranti, basi. Ukishapanda Kitonga ukaona watu wanavaa majaketi, basi likisimama Mafinga mkichimba dawa, ndo toa kichupa chako jipulizie ukiwa nje, mbili, alafu tembeatembea kidogo kabla ya kurudi kwenye siti. Ukifika Njombe utaongeza. Kwa ndege, mzigo wa mkononi safari za nje vimiminika mwisho wao kwa kawaida ni chupa ya mililita 100, chupa kubwa weka kwenye begi la chini uizungushie nguo.

Kule juu utaona kitu kingine: asubuhi yenye barafu pafyumu ileile itaonekana imekufa. Haijakufa, imelala. Ingia jikoni kwenye moto utaisikia inaamka. Ndo maana kule unaruhusiwa nne tano, na ndo maana ukijua utakaa ndani na watu siku nzima upunguze.

MATATIZO YANAYOKUJA KILA SIKU

"Siisikii mwenyewe, itakuwa feki." Hili ndo swali namba moja na jibu lake karibu kila mara ni pua yako. Harufu ikikaa na wewe muda mrefu ubongo unaizoea unaifunga, kama usivosikia harufu ya nyumba yako. Miski ndo mbaya zaidi, kuna watu wamezaliwa pua zao hazisikii kabisa aina fulani za miski, mtu ananusa chupa anasema maji matupu wakati mwenzake pembeni anasema punguza. Jaribu hivi: mpe mtu anuse shati lako masaa manne baadaye. Akisikia, ipo. Kunukia na kunuka vimetofautiana herufi moja tu, na waliovuka ile herufi wengi walikuwa wanasema "siisikii".

"Inaisha baada ya saa moja." Rudi hatua ya 3. Kama ulishapaka losheni na bado, angalia kama ni EDT, angalia kama unapuliza mbali sana, alafu ndo uanze kumshuku muuzaji.

"Kwa rafiki yangu inanukia vizuri, kwangu inakuwa kali." Ngozi, jasho, sabuni, vyote vinachangia. Badilisha sabuni ya harufu kali kwanza. Ikiendelea wiki mbili, mpe huyo rafiki, mtaendelea kuipenda wote.

"Kichwa kinauma." Umezidisha, au umeiweka karibu na pua. Nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ikigoma futa kwanza kwa mafuta ya kula kidogo kwenye pamba alafu sabuni, mafuta yanaitoa mafuta. Kesho anza na moja tena chini ya nguo. Kama nyumbani kuna mwenye pumu au kichanga, vaa ukishatoka chumbani kwao.

"Nimetoka upele." Acha hiyo pafyumu. Ukitaka kujaribu nyingine weka tone moja ndani ya mkono uache mpaka kesho yake, ikiwa kimya endelea. Upele ukienea nenda hospitali, usije kwangu.

"Imebadilika rangi imekuwa kahawia." Kama ina vanila ni kawaida yake. Kama imebadilika na harufu, imekuwa chachu ile ya kukuna pua, joto au jua limeila. Weka droo ya nguo, gizani, mbali na dirisha, wala bafuni usiiweke.

"Doa la mafuta kwenye nguo." Wahi. Poda ya mtoto au unga wa mahindi juu ya doa, acha usiku mzima, kung'uta, alafu sabuni ya kuoshea vyombo kabla ya kufua. Ukishaipiga pasi doa limehamia rasmi. La kwenye kanzu yangu lilihamia.

"Spreyi haitoki." Kichwa kimeziba, hizi nzito zinaganda pale kwenye tundu. Kichomoe, kitie kwenye kikombe cha maji ya moto dakika tano, kipulizie kwa mdomo, kifute, rudisha. Kikigoma kabisa niletee dukani pamoja na kichupa kitupu tuihamishe kwa sindano, hiyo silipishi.